Kijana Anapobisha Hodi kwa Mshauri

(Mazungumzo na washauri nasaha wanaoanza mafunzo mjini Garsen. Yanachapishwa hapa ili wakazi wote wa Kaunti ya Tana River wayasome.)



Garsen ni njia panda. Magari ya Lamu, ya Garissa na ya Malindi yote hupita hapa, na habari hupita pamoja nayo. Neno linalosemwa asubuhi pale Minjila hufika Ngao kabla ya chakula cha mchana, na likifika Tarasaa limeshatiwa chumvi. Kila mtu anajua huyu ni mtoto wa nani, na nyanya yake alitoka kijiji gani. Hilo ni jema siku ya msiba na siku ya mafuriko. Kwa kijana mwenye jambo asiloweza kumwambia mtu, ndilo linalomfunga mdomo.

Mada ya leo inawahusu vijana ambao wengi hapa hawapendi hata kuwataja. Kuna wanaojikuta wanavutiwa na watu wa jinsia yao wenyewe. Kuna ambao mwili walio nao na jinsi wanavyojiona haviafikiani. Na kuna waliozaliwa na maumbile ambayo mkunga hakuweza kusema papo hapo ni mvulana au ni msichana. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 315,943 katika Tana River, na hakuna sababu ya kudhani kuwa vijana hawa wanazaliwa kwingine tu. Wana baba na mama hapa. Wanasoma katika shule za hapa. Wengine wao wamekaa msikitini au kanisani, safu ya pili, wakisikiliza.

Swali ambalo mkazi ana haki ya kuuliza ni hili: kwa nini mshauri wa umma afunzwe habari zao? Jibu halimtaki mtu abadili imani yake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata huduma ya afya ya kiwango cha juu kabisa kinachoweza kufikiwa, na hakikuandika pembeni majina ya wasiohusika. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliposikiliza Wakenya na kutoa ripoti yake mwaka 2020, lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Tana River inayajua hayo bila kusomewa ripoti. Baada ya mapigano ya mwaka 2012 katika Delta, watu ambao hawakuwahi kusikia neno "ushauri nasaha" waliona maana ya kuketi na mtu anayesikiliza bila kukatiza.

Chukulia mama anafika kituo cha afya na mwanawe wa miaka 16. Anasema kijana hali, hasemi, na juzi alipatikana kando ya mto usiku peke yake. Mama anatoka nje kununua maji. Kijana, akitazama sakafu, anasema: "Mimi si kama wengine." Halafu ananyamaza. Mshauri asiyefunzwa hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huruka juu ya maneno hayo na kuuliza habari za shule, ama hushtuka na kuanza kuhubiri. Yote mawili yanamwambia kijana jambo lile lile, kwamba hapa pia mlango umefungwa. Na mara nyingi huwa amebisha mara moja tu.

Pwani ya Kenya ina funzo lake katika jambo hili, na halikutoka mbali. Mwezi Februari mwaka 2010 uvumi ulienea Mtwapa kuwa wanaume wawili walikuwa wakitaka kufunga ndoa. Umati ulikivamia kituo cha KEMRI, kwa sababu tu kituo hicho kilikuwa kikiwahudumia wanaume wa aina hiyo katika kazi ya kuzuia Ukimwi. Watu walipigwa. Wagonjwa wakaogopa kurudi kuchukua dawa. Watafiti wa Kilifi walipochunguza kwa nini wanaume hao hawaendi hospitali, waliona kwamba nusu ya tatizo ilikuwa ndani ya hospitali zenyewe. Muuguzi na afisa wa kliniki hawakuwa wamefundishwa lolote chuoni. Walikuwa na yale tu waliyoyasikia mtaani.

Basi mnamo 2011 na 2012 wahudumu wa afya 74 kutoka vituo 49 vya Pwani walipewa mafunzo ya siku mbili, kisha wakafuatiliwa baada ya miezi mitatu. Ujuzi wao ulipanda na chuki ikashuka. La kushangaza ni kwamba chuki ilishuka zaidi kwa wale walioingia darasani wakiwa na chuki kubwa zaidi. Anayekuja leo amekunja uso asidhani amekosea mlango. Lakini utafiti uliofuata ulionyesha upande wa pili pia. Waliofunzwa waliporudi vituoni, wenzao waliwacheka na kuwanong'onezea, wakawashuku kuwa nao "wamo". Mtu mmoja aliyefunzwa, akiwa peke yake katika kituo kizima, huchoka haraka. Ndiyo maana mafunzo ya namna hii yanamhusu pia karani wa mapokezi, mlinzi wa lango na anayegawa dawa. Kijana huonana na mlinzi kabla ya kuonana na mshauri, na wengi wamerudishwa na jicho la langoni.

Sasa sheria, kwa sababu hapa ndipo washauri wengi huogopa. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo, na vinaadhibu matendo ya ngono: kifungo cha hadi miaka 14 kwa kile cha kwanza, na hadi miaka 5 kwa kile cha pili. Mahakama Kuu ilivikubali vibaki, tarehe 24 Mei 2019. Mshauri asimwambie kijana vinginevyo. Lakini vifungu hivyo havisemi kuwa ni kosa kuwa mtu fulani, wala kuhisi, wala kuzungumza na mshauri, wala mshauri kusikiliza. Mahakama ya Rufaa ilipoketi Mombasa mwezi Machi 2018, katika kesi ya wanaume wawili waliokamatwa Ukunda, ilisema kuwapima watu sehemu za siri kwa nguvu ili kutafuta ushahidi ni kinyume cha Katiba. Na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kuwa kuwanyima watu hawa kusajili shirika lao kulikuwa kuwabagua. Uamuzi huo ulizua maandamano, Mombasa ikiwemo, na wengi waliandamana wakiamini kuwa mahakama imehalalisha ndoa. Haikufanya hivyo. Kifungu cha 45 cha Katiba kuhusu ndoa kiko pale pale. Mshauri akiyajua haya matano, hatababaishwa na mzee anayeingia ofisini na habari za WhatsApp.

Liko jambo moja la sheria ambalo halina mjadala, nalo lifahamike vizuri kuliko mengine yote. Mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Mtu mzima akimwingilia mtoto, awe mvulana au msichana, hiyo ni dhuluma chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na hapo siri ya mshauri ina mpaka. Afisa wa watoto au dawati la jinsia la polisi lijulishwe, na mtoto apelekwe hospitali haraka, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi.

Wazazi wengi huchanganya mambo haya mawili. Kijana akisema anavutiwa na wavulana wenzake, baba hupiga kelele: "Nani alimharibu?" Na kijana aliyebakwa kweli akitaka kusema, hukumbuka kelele hizo na kumeza maneno. Anajua kwamba akitamka tu, ataitwa shoga yeye, na mkosaji ataendelea kunywa kahawa barazani na wazee. Kwa kuichanganya dhuluma na maumbile ya moyo, kijiji humlinda mbakaji bila kujua. Mshauri anatakiwa kuyatenga mawili haya kwa upole, kwa swali moja moja, na bila kukimbilia jibu. Aliyeumizwa alindwe na kesi ifuatwe. Asiyeumizwa na mtu asitafutiwe mkosaji ambaye hayupo.

Je, ni ugonjwa? Swali hili litaulizwa kila wiki. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa mwezi Mei mwaka 1990, na madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wamefanya hivyo mwaka 1973. Orodha mpya ya shirika hilo, iliyopitishwa 2019, iliwatoa pia katika magonjwa ya akili wale ambao jinsia wanayojiona nayo si ile waliyoandikiwa. Kwa hiyo mshauri hana dawa ya kutoa hapa, na asimwahidi mzazi kuwa anayo. Wapo wanaoahidi. Wanachukua mbuzi, wanachukua pesa, wanamfungia kijana ndani, wanampiga "pepo" atoke, au wanaharakisha kumwoza binti wa miaka 15 ili "atulie". Ndoa hiyo ni kosa la jinai hata kama baba mzazi ndiye aliyeipanga. Kijana anayetoka katika mambo hayo hatoki amebadilika. Hutoka amejifunza kusema uongo vizuri zaidi, na wengine hawatoki salama.

Kuhusu watoto wenye maumbile ya jinsia mbili, ambao Kiswahili kinawaita huntha, hapa wazee wanaweza kuwafundisha washauri. Vitabu vya fikihi vimemzungumzia huntha kwa karne nyingi, hasa katika mlango wa mirathi, ambapo wanazuoni walijadili apewe fungu gani. Hawakumwita laana. Walimhesabu kuwa mtu mwenye haki yake katika mali ya babake. Kenya nayo ilimhesabu katika sensa ya 2019, ikapata watu 1,524 nchi nzima, idadi ambayo bila shaka ni ndogo kuliko ukweli, kwa kuwa karani wa sensa huhesabu anayetajwa tu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtambua mtoto huntha na kukataza viungo vyake kubadilishwa au kuondolewa bila ushauri wa daktari bingwa wa vinasaba. Mkunga wa kijijini anayemwona mtoto wa aina hii asimfiche, na asimshauri mama amkatishe chochote. Ampeleke Ngao au Hola, na mshauri awe tayari kumpokea mama huyo, kwa sababu siku ile anakuwa na maswali mengi na usingizi hana.

Sasa familia, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco, wakiongozwa na Caitlin Ryan, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuwauliza vijana wa miaka 21 hadi 25 jinsi familia zao zilivyowatendea walipojulikana. Wale waliokataliwa sana nyumbani walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuwa waliwahi kujaribu kujiua, wakilinganishwa na waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa kabisa. Hiyo ni California, si Garsen, na tarakimu za kwao zisibandikwe hapa kama kiraka. Lakini mwelekeo wake unaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kufukuzwa nyumbani kwao.

Hapa kuna njia inayojulikana. Kijana akitimuliwa Garsen hupanda basi. Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na mbele yake kuna Mtwapa na Mombasa. Anafika bila kitambulisho, bila simu, bila mjomba wa kumpokea. Wa kwanza kumpa chakula si lazima awe na nia njema. Yale yote ambayo baba aliyaogopa alipokuwa akimfukuza, huko ndiko yanakompata. Mzazi aelezwe hivyo wazi, bila kumtisha na bila kumpamba maneno.

Mshauri asimwombe baba wa Kiorma, wa Kipokomo au wa Kiwardei afurahi. Atakataa, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Aombwe mambo madogo ambayo anaweza kuyashika leo: asimpige, asimtoe nyumbani, asimwachishe shule. Amtake mtoto ale na wenzake kwenye sinia lile lile. Baba akiyakubali hayo, ameshafanya zaidi ya anavyojua, na mengine yatazungumzwa mwezi ujao. Mama mara nyingi anajua tangu mtoto ana miaka saba, na hofu yake kubwa ni kulaumiwa yeye kwa malezi. Nyanya, kwa sababu ambazo hakuna mtaalamu aliyewahi kuzieleza vizuri, huwa wa kwanza kulainika. Mshauri mwerevu huuliza mapema: "Nyanya yake yuko?"

Ipo methali kwamba kiganja kilichonyewa na mtoto hakikatwi. Vijana wenyewe hawaipendi, kwa sababu inawafanya wao kuwa uchafu, na wana haki. Lakini kwa baba aliyeshika fimbo ni mlango wa kuingilia, na mshauri anaweza kuutumia wakati kijana hayupo chumbani.

Kwa viongozi wa dini, mshauri hana haja ya kubishana juu ya aya. Watafiti wa Kilifi na mashirika ya Mombasa yamewahi kuketi na maimamu na wachungaji kwa siku kadhaa. Si wote walibadili msimamo. Hata hivyo, hakuna mimbari inayofaa kumwagiza kijana afukuzwe au apigwe. Imamu anayeshikilia mafundisho yake na bado akamwambia baba "usimpige mwanao" ni msaada mkubwa, na aheshimiwe hivyo.

Ndani ya chumba, mambo madogo ndiyo huvunja au hujenga. Dirisha linalotazama foleni lipate pazia. Mkalimani asiwe jamaa. Kama kijana anazungumza Kiorma na mshauri hajui, aitwe mhudumu wa kituo kingine, si binamu aliye nje. Katika daftari liandikwe linalohitajika kwa matibabu tu. "Msongo wa mawazo, amepewa miadi" yanatosha. Neno litakalomwangamiza kijana daftari likiachwa wazi mezani lisiandikwe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zote zinailinda siri ya mgonjwa, na anayeitoa kwenye kundi la WhatsApp, hata bila kutaja jina, amevunja sheria. Garsen haihitaji jina. "Yule mtoto wa mwalimu" inatosha kabisa.

Kijana akisema hataki kuishi, mshauri amuulize waziwazi kama ana mpango wa kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humwonyesha kuwa linaweza kusemwa. Kwa miaka mingi familia zilificha mambo haya kwa kuogopa kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mgonjwa aletwe hospitali. Usiku, kabla gari halijapatikana, simu ya bure 1199 ya Msalaba Mwekundu na 116 ya watoto zinaweza kupigwa.

Wapo kati yenu ambao, hata baada ya mafunzo, dhamiri itawaambia hawawezi kazi hii. Waseme mapema. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliifanya kazi hii kuwa taaluma, na katika taaluma mtu anayempeleka mteja kwa mwenzake kwa heshima hajashindwa. Aliyeshindwa ni yule anayebaki chumbani akimdharau anayemhudumia.

Baada ya chai washauri watakaa wawiliwawili. Mmoja awe baba aliyeitwa shuleni asubuhi hii na kuambiwa habari za mwanawe, mwingine awe mshauri. Baba anaingia amesimama, hataki kiti, na simu yake inaita. Dakika kumi, kisha mbadilishane nafasi.